Uchambuzi – Kivu: Barua pepe zinazojivika jina la soko la mtandaoni, namna ya kuzitambua kabla pesa hazijaenda

Simu inalia kidogo, barua pepe imeingia. Jina la juu ni Alibaba, alama ya rangi ya machungwa ni ile ile, na maneno ni mafupi: konti yako imesimamishwa, thibitisha ndani ya saa 24, la sivyo komande yako itafutwa. Kwa mfanyabiashara wa Butembo ao wa Bukavu ambaye tayari ametuma avansi ya mzigo, ujumbe kama huu si wa kupuuza. Ni hapo hapo mdanganyifu anamgojea.

Barua hiyo haitoki Alibaba. Nyingine zinazofanana nayo hazitoki Amazon wala eBay, hata kama majina hayo ndiyo yanaonekana. Zinatoka kwa watu wanaotafuta neno la siri la mnunuzi ao la muuzaji, na kisha pesa zake. Waingereza wanaita wizi huu phishing, neno lililotokana na kuvua samaki. Wafaransa wanasema hameçonnage, yaani kutega kwa ndoano. Ni wizi wa zamani. Katika miaka ya 1990 ulilenga wateja wa kampuni ya intaneti AOL kule Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawageukia wateja wa eBay na PayPal. Leo unafika hadi kwenye simu ya mama anayeuza vitambaa Kadutu.

Shauri ambalo wengi wamesikia ni hili: angalia makosa ya kuandika, maana mwizi hajui lugha vizuri. Uchambuzi huu unasema kwamba shauri hilo halitoshi tena, na kwamba kwetu sisi halikuwahi kutosha. Kuna alama nyingine ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma, hata kama Kifaransa chake ni cha shule ya msingi na Kiingereza hakijui kabisa.

Kwa nini sisi tuko hatarini zaidi

Butembo imejulikana tangu miaka mingi kwa wafanyabiashara wanaokwenda kutafuta mali Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Mzigo unashuka bandarini Mombasa, unapita Uganda, unaingia kwa mpaka wa Kasindi. Zamani mtu alilazimika kupanda ndege kwenda kuona bidhaa kwa macho. Siku hizi wengi wanaanza kwa kufungua simu: wanaona picha, wanaongea na muuzaji, wanapatana bei, wanatuma avansi. Safari imefupika, gharama imepungua. Lakini yule unayeongea naye sasa ni jina tu kwenye kioo cha simu, na jina ni kitu rahisi kuiba.

Jambo la pili ni njia za pesa. Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, benki zilifunga milango. Watu walibaki na M-Pesa, Airtel Money, Orange Money na kambisti. Njia hizo zimeokoa familia nyingi, lakini zina tabia moja ambayo mwizi anaipenda: pesa zikishatumwa na kutolewa upande wa pili, kuzirudisha ni kazi ngumu sana. Anayelipa kwa karte ya benki anaweza kwenda kwenye benki yake kupinga malipo. Aliyetuma kwa simu, ao aliyempa kambisti pesa mkononi, hana mlango wa namna hiyo wa kubisha.

Jambo la tatu ni haki. Kongo ina sheria: Kode ya dijitali, iliyotolewa kwa sheria-agizo namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu makosa ya mtandaoni. Lakini mwizi anaweza kuwa nchi nyingine, na katika miji ambako taasisi za serikali ziliacha kufanya kazi kama kawaida, mtu aliyeibiwa hajui hata ofisi gani ya kupelekea mashitaka yake. Kwa hiyo kwetu kinga ni kabla ya kutuma pesa. Kisha hapo, mara nyingi kunabaki majuto tu.

Mfano wa vipuri vya pikipiki

Tuchukue mfano wa kufikiri, lakini ambao kila hatua yake inalingana na namna wezi hawa wanavyofanya kazi. Papa mmoja wa Butembo anaagiza vipuri vya pikipiki China. Siku moja anapata barua pepe yenye jina la soko la mtandaoni: kuna muuzaji amekujibu, fungua hati hii uone bei mpya. Anafungua. Ukurasa unaonekana sawa kabisa na ule anaoujua, unamwomba aandike anwani yake ya barua pepe na neno la siri. Anaandika. Ukurasa unasema kuna kosa, jaribu tena baadaye. Anaacha, anaendelea na kazi zake.

Hakuna kilichoibiwa siku hiyo, na ndiyo sababu hana wasiwasi. Lakini mwizi sasa anasoma barua zake zote. Anaona muuzaji ni nani, mzigo ni kiasi gani, salio litalipwa lini. Anangoja wiki mbili, tatu. Fakitire ya mwisho inapokaribia, anaandika barua kwa jina la muuzaji, kwa maneno yale yale muuzaji anayotumia, na kuongeza mstari mmoja: konti yetu ya benki imebadilika juu ya ukaguzi, tafadhali lipa kwa hii mpya. Papa analipa. Muuzaji wa kweli anauliza pesa ziko wapi. Kila mmoja anadhani mwenzake ni mwongo, na urafiki wa biashara wa miaka unavunjika kwa siku moja.

Hila hii ya kubadilisha konti haiwapati wadogo peke yao. Polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilihesabu kwa mwaka 2024 hasara ya zaidi ya dola miliardi 2,7 kutokana na udanganyifu unaopitia barua pepe za kibiashara. Katika mwaka huo huo ilipokea zaidi ya malalamiko 193 000 juu ya ujumbe wa kujivika jina la mwingine, kuliko aina nyingine yoyote ya kosa la mtandaoni. Na hao ni wale waliokwenda kulalamika tu.

Sura nne za hadaa moja

Barua hizi zina nguo nyingi, lakini ukizivua unakuta sura chache zinazorudi kila mara.

Ya kwanza ni ya kutisha: konti yako imefungwa, mtu ameingia kutoka nchi nyingine, thibitisha haraka. Ya pili ni fakitire ya kitu ambacho hukununua: asante kwa kununua simu ya dola 900, kama si wewe bonyeza hapa kufuta ao piga namba hii. Mtu anayeogopa kulipa dola 900 atabonyeza bila kufikiri, na hapo ndipo anatoa neno lake la siri.

Ya tatu ni ya mzigo: kifurushi chako kimekwama kwa dwani, lipa dola 2 kitoke. Dola 2 ni kidogo, hakuna anayebishana. Lakini anayelipa kwenye ukurasa huo anaacha namba zote za karte yake, na si dola 2 zitakazochukuliwa.

Ya nne inamlenga muuzaji, na wengi hawaitarajii. Umetangaza kitu kwenye mtandao, mtu anakuandikia kwamba amekubali bei na amekwisha kulipa kupitia soko lenyewe. Kisha unapata barua yenye alama ya soko: bonyeza upokee pesa zako. Kampuni ya usalama wa mtandao Group-IB imefuatilia kwa miaka kundi la walaghai wanaofanya hivyo, ikaliita Classiscam. Lilianza Urusi mwaka 2019, likatumia mtandao wa Telegram kutengeneza kurasa za bandia kwa dakika chache. Kufikia mwaka 2023 Group-IB ilikuwa imehesabu majina 251 ya makampuni yaliyoigwa, katika nchi 79. Maana yake, anayekuandikia si lazima awe fundi wa kompyuta. Anaweza kuwa kijana aliyepewa chombo tayari na kuambiwa agawane mapato na wakubwa wake.

Kwa sura hii ya nne kuna kanuni moja ya kufundisha nyumba nzima: kupokea pesa hakuhitaji kode ya siri. Ukitumiwa pesa kwa M-Pesa ao Airtel Money, zinaingia zenyewe. Yeyote anayekuomba kode ili “upokee” anataka kutoa pesa kwako.

Makosa ya kuandika si alama tena

Turudi kwa lile shauri la makosa ya kuandika. Zamani lilikuwa na maana, maana barua nyingi za wezi ziliandikwa vibaya. Sasa kuna programu za akili bandia zinazoandika Kifaransa na Kiingereza safi bila malipo. Mwizi asiyejua lugha anapata barua nzuri kuliko ile ya benki yenyewe.

Na kwetu kuna tatizo jingine. Muuzaji wa kweli wa Guangzhou naye mara nyingi anaandika Kiingereza kilichotafsiriwa na mashine, kimejaa makosa. Mfanyabiashara wetu anasoma Kiingereza hicho kwa msaada wa mashine nyingine ya kutafsiri. Kati ya mashine hizo mbili, makosa yote yanapotea ao yanazidi, na hakuna anayeweza kusema barua ipi ni ya kweli kwa kuangalia lugha peke yake. Anayetegemea makosa atamkataa muuzaji mwaminifu na kumkubali mwizi aliyeandika vizuri.

Kwa hiyo tuache kupima lugha. Tupime mambo mawili: anwani, na ombi lenyewe.

Kusoma anwani

Jina la mtumaji si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kufungua konti ya barua pepe na kujiita Amazon. Kwenye simu hatari inaongezeka, kwa kuwa programu nyingi zinaonyesha jina tu na kuficha anwani. Gusa jina hilo, ao mshale mdogo ulio karibu yake, anwani kamili itaonekana. Ukiona jina la soko kubwa lakini anwani inaisha kwa gmail.com ao kwa maneno usiyoyajua, simama.

Kiungo cha kubonyeza nacho kinasomeka bila kukifungua. Kwenye simu weka kidole juu yake na kukibana kidogo bila kuachia, anwani itatokea. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayosema mwenye nyumba ni nani. Katika www.alibaba.com/komande, mwenye nyumba ni alibaba.com. Lakini katika alibaba.com.maneno-mengine.xyz/komande, mwenye nyumba ni maneno-mengine.xyz, na jina la Alibaba limewekwa mbele kama pambo. Ni sawa na mtu anayeandika jina la benki juu ya mlango wa butiki yake: maandishi hayageuzi mwenye kiwanja. Kwa baadhi ya nchi mwisho unakuwa na maneno matatu, kama amazon.co.uk ya Uingereza, lakini njia ya kusoma ni ile ile.

Angalia pia herufi. Herufi r na n zikikaa karibu zinafanana na m, na namba 1 inafanana na l. Kwenye kioo kidogo cha simu, juani, jicho linadanganyika.

Wengine wanasema: ukiona alama ya kufuli juu ya ukurasa, uko salama. Si kweli. Kufuli inasema tu kwamba njia kati ya simu yako na ukurasa huo imefungwa, watu wa pembeni hawasikii. Haisemi aliye upande wa pili ni nani. Mwizi naye anapata kufuli hiyo bure.

Kupima ombi

Hata anayechanganyikiwa na anwani anabaki na kinga iliyo rahisi kuliko zote: usiingie kupitia barua. Ukiambiwa kuna shida kwenye konti yako, funga barua hiyo. Fungua wewe mwenyewe programu ya soko uliyoweka kwenye simu, ao andika anwani ya soko kwa mkono wako. Amazon na eBay wana sanduku la ujumbe ndani ya konti ya kila mteja, na Alibaba vilevile inahifadhi humo maongezi ya mnunuzi na muuzaji. Kama shida ni ya kweli, utaikuta humo. Usipoikuta, barua ilikuwa ndoano.

Pili, ombi lolote la kulipa nje ya soko linapaswa kukusimamisha. Alibaba ina ulinzi unaoitwa Trade Assurance: mzigo usipotumwa, ao usipolingana na mapatano, mnunuzi anaweza kudai pesa zake. Lakini ulinzi huo unahusu komande zilizolipwa ndani ya soko lenyewe. Anayekuambia “lipa nje, nitakupunguzia bei” anakutoa kwenye ulinzi huo. Wako kati yetu wanaolipa kupitia ndugu aliye China ao kupitia kambisti, kwa sababu hawana karte. Hao hawakosei kutafuta njia, lakini wajue kwamba soko halitawajibu, na kwa hiyo wawe waangalifu mara mbili.

Tatu, konti ya benki ikibadilika, sikia sauti. Piga simu kwa muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Dakika tano za kuongea zinaweza kuokoa kontena nzima. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika ao kukuharakisha amejionyesha.

Haraka yenyewe ni alama. Saa 24, saa 12, leo kabla ya jioni: masharti hayo yamewekwa ili usipate wakati wa kumuuliza mtoto wako, jirani yako wa depo, ao mwenzako aliyewahi kununua hapo.

Ukisha kubonyeza

Yaliyotokea yametokea, lakini saa za kwanza zina thamani. Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, kwa kutumia simu ao kompyuta nyingine, halafu la soko, na la kila mahali ulipotumia neno lile lile. Kwenye mipangilio ya barua pepe, ondoa vifaa vyote usivyovijua. Tazama pia kama kuna amri ya kupeleka barua zako kwa anwani nyingine, maana wezi wanaiacha humo ili waendelee kusoma hata kisha neno la siri kubadilika. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule unaotuma kode kwenye simu yako, na kode hiyo usimpe mtu yeyote.

Kama ulitoa kode ya M-Pesa ao ya Airtel Money, ibadilishe papo hapo na piga simu kwa huduma ya wateja. Pesa ambazo hazijatolewa bado zina nafasi ya kuzuiwa. Waarifu wauzaji wako kwa sauti kwamba barua yako imeingiliwa. Piga picha za kioo, usifute kitu: hizo ndizo ushahidi kama utapeleka mashitaka.

Mwisho, ongea. Wengi walioibiwa wananyamaza kwa haya, wanaogopa kuchekwa sokoni na kuonekana wajinga. Lakini barua iliyokufikia wewe leo ilitumwa kwa maelfu, na kesho itamfikia mwenye butiki ya pili. Vyama vya wafanyabiashara, shirikisho la FEC, walimu wa shule na wenye kuongoza makundi ya WhatsApp ya wauzaji wana uwezo wa kufanya jambo ambalo polisi ya mbali haiwezi: kuonyesha picha ya barua ya bandia siku ile ile ilipoonekana, na kueleza kwa Kiswahili ilikuwa wapi ndoano. Mama wa Kadutu akiona picha hiyo asubuhi, jioni barua kama ile ikimfikia ataifunga na kuendelea kuuza vitambaa vyake.